Chaja ya nyumbani ipewe mahali pake

YEYOTE apitaye Mnazi Mmoja asubuhi, kutoka Mtaa wa Lumumba kuelekea Uhuru na Msimbazi, anaona jambo ambalo miaka kumi iliyopita halikuwapo. Kati ya mikokoteni, pikipiki na bajaji zinazohangaika na mizigo ya Kariakoo, zimo sasa nyingine zisizonguruma wala kutoa moshi. Ni guta, bajaji na pikipiki za umeme. Zinabeba marobota ya mitumba, katoni za sabuni, matenga ya nyanya na magunia ya viazi sawa na wenzao wa petroli, na jioni hurudi nyumbani kuchomekwa ukutani.

Mengi yamekwisha kusemwa kuhusu vyombo hivi: bei yake, mwendo wake, na kama vinaweza kupanda mlima vikiwa na shehena. Lakini machache mno yamesemwa kuhusu hapo ukutani vinapochomekwa usiku. Kwa maoni yetu, hapo ndipo faida ya mfanyabiashara mdogo inapopatikana au kupotea, na hapo pia ndipo nyumba inapoweza kuungua. Chaja ya nyumbani imeachwa kuwa kitu cha kubahatisha. Wakati umefika ipewe mahali pake.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyowavuta watu. Chukua guta lenye betri tano za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 60, kila moja ya ampea-saa 100. Zikijaa zinahifadhi uniti sita za umeme. Kwa kuwa chaja na betri zenyewe hupoteza kiasi fulani kwa joto, tukadirie kwamba mita ya LUKU itahesabu uniti saba na nusu. Kwa bei iliyopangwa na EWURA mwaka 2016 kwa kundi la T1, yaani Sh292 kwa uniti, ukiongeza VAT asilimia 18, mchango wa REA asilimia 3 na wa EWURA asilimia 1, uniti moja inafika Sh356. Kujaza betri kutoka sifuri ni kama Sh2,670.

Linganisha na petroli, ambayo mwaka 2024 ilipita Sh3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Kwa maneno mengine, betri nzima inajazwa kwa fedha pungufu ya lita moja ya petroli ya wakati ule. Mwenye bajaji anajua mwenyewe lita moja humfikisha wapi. Ndiyo maana hatushangai kuona wachukuzi wa Kariakoo wanahamia kwenye umeme.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni nzuri kwa sharti moja: betri ijazwe kila usiku, vizuri, bila usumbufu na bila ajali. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Taabu ya kila usiku

Chaja nyingi zinazokuja na vyombo hivi ni boksi dogo la chuma lenye feni, kamba fupi ya kwenda ukutani na kamba nyingine fupi ya kwenda kwenye betri. Aliyelitengeneza alidhani mnunuzi ana banda lenye soketi pembeni. Mchukuzi wa Buguruni, Manzese au Mbagala hana banda. Ana chumba cha kupanga, ua wa pamoja, na soketi moja iliyo nyuma ya kitanda ambayo tayari imebeba televisheni, feni na simu.

Basi kila usiku anafanya anavyoweza. Anapitisha ekstensheni dirishani, anaivusha uani wanapopita watoto na wenye ndoo za maji, anaweka boksi la chaja chini kwenye mchanga au juu ya kiti cha guta, kisha analifunika na kipande cha turubai mvua isije ikalilowesha. Alfajiri anakunja kila kitu na kuondoka nacho. Siku akichoka, anaacha kuchaji, na kesho yake betri inamwishia njiani katikati ya Mtaa wa Msimbazi akiwa na mzigo wa mtu.

Msomaji asione hayo kuwa mambo madogo. Betri za risasi na tindikali, ambazo bado ni nyingi kwenye maguta, huharibika haraka zikiachwa nusu tupu siku baada ya siku. Seti ya betri ndicho kifaa ghali kuliko vyote katika chombo hicho. Kwa hiyo chaja yenye usumbufu humpotezea mtu usingizi na, zaidi ya hapo, humlia mtaji wake taratibu.

Ubaya zaidi ni kwamba taabu ya kila siku humfundisha mtu njia za mkato. Mguu wa tatu wa plagi unakatwa kwa sababu ekstensheni ina matundu mawili tu. Fyuzi ndani ya plagi ikiungua, mahali pake panawekwa waya wa shaba uliosokotwa. Ekstensheni ya waya mwembamba, iliyonunuliwa kwa ajili ya redio, inabebeshwa mzigo wa kilowati moja kwa saa nane mfululizo, tena ikiwa imeviringishwa kama kamba ya kisima, na joto lake halina pa kutokea. Pasi hula umeme mwingi kuliko chaja, lakini pasi huzimwa baada ya dakika chache. Chaja hukesha watu wakiwa wamelala.

Wakazi wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa moto ni nini. Usiku wa Julai 10, 2021 soko kuu liliungua, na mali za watu zikateketea. Hatusemi kwamba moto ule ulihusu chaja. Tunasema kwamba katika eneo lenye bidhaa zilizorundikwa hadi darini na vichochoro vyembamba, soketi moja iliyoyeyuka haiwezi kuhesabiwa kuwa tatizo la mwenye soketi peke yake.

Cha kurekebisha na cha kuacha

Wapo wanaosema dawa ni kumpelekea fundi chaja aifungue na kuibadilisha. Sisi tunasema hapana. Karibu kila kinachohitaji kurekebishwa kiko nje ya boksi: mahali, kamba na saa. Kilicho ndani ya boksi kiachwe.

Kwanza ni mahali. Chaja ipate soketi yake peke yake, iliyotolewa kwenye boksi la saketi breka kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Waya wa milimita 1.5 ni wa taa. Njia hiyo iwe na saketi breka yake, pamoja na kile kifaa cha kinga kinachokata umeme mara unapovuja kiasi cha miliampea 30, kabla haujamdhuru mtu. Waya wa ethi, yaani ule unaoingia ardhini, uwe umefika ardhini kweli. Boksi la chaja lisikae chini. Lifungwe ukutani kwa vibanio, usawa wa kifua cha mtu mzima, penye kivuli na hewa, feni yake isizibwe. Betri za tindikali hutoa gesi inayoshika moto wakati wa kujazwa, kwa hiyo zisichajiwe chumbani watu wanamolala, wala karibu na jiko la mkaa.

Pili ni kamba. Iwapo ni fupi, fundi aivute soketi isogee karibu na chombo kinapoegeshwa. Hiyo ni bora kuliko kuunganisha vipande vya waya kwa gundi ya karatasi. Pigilia ndoano mbili ukutani, moja ya kuviringia kamba wakati haitumiki, nyingine ya kutundika kichwa cha kuchomeka kwenye chombo, kisije kikaburuzwa kwenye matope au kukanyagwa na gurudumu. Mahali kamba inapoingia kwenye boksi, iache ining'inie kidogo chini kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yanayotiririka juu yake yadondokee hapo badala ya kuingia ndani. Kipande cha bati juu ya boksi kinatosha kuwa paa. Mambo haya hayana gharama kubwa, lakini ndiyo yanayomfanya mtu achaji kila siku bila kulalamika.

Tatu ni saa. Jioni, kati ya saa moja na saa nne usiku, kila nyumba imewasha taa, televisheni, feni na friji, na umeme mitaani huwa umezidiwa. Anayerudi na nusu ya betri hana haraka. Anaweza kuweka taima ianze saa tano usiku na alfajiri akakuta imejaa. Lakini aliyerudi na betri tupu asisubiri, kwa maana chaja ya ampea 10 inahitaji zaidi ya saa kumi kuijaza betri ya ampea-saa 100. Taima yenyewe iwe imeandikwa uwezo unaozidi mzigo wa chaja. Zile ndogo za kuwashia taa ya mapambo hazifai.

Sasa yale ya kuacha. Usiongeze ampea za chaja ili ijaze haraka. Kwa betri za tindikali kanuni ya zamani ya mafundi ni moja ya kumi, yaani betri ya ampea-saa 100 ichajiwe kwa ampea 10, na mtengenezaji ndiye wa kusema kama inastahimili zaidi. Usitumie chaja ya betri za tindikali kwenye betri za lithiamu, hata kama volti zilizoandikwa zinafanana, kwa kuwa kila aina ina namna yake ya kumalizia kujaa. Usikate mguu wa plagi. Usibadili fyuzi kwa waya. Na usiguse plagi ikiwa na joto la kuunguza: izime kwenye meinswichi kwanza, kisha itafute sababu.

Kwa kazi ya waya, mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA na mwombe akuonyeshe. Ukinunua soketi au saketi breka Kariakoo, angalia alama ya ubora ya TBS, na usidanganyike na wepesi wa bei. Soketi ya bei rahisi inayoyeyuka ndani ya miezi mitatu ni ghali kuliko ile nzuri.

Ugomvi wa LUKU

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi, nalo linavunja ujirani katika nyumba nyingi za kupanga. Ni LUKU ya kuchangia.

Kwa utaratibu wa bei wa 2016, mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi yumo kundi la D1, na hulipa Sh100 kwa uniti, au Sh122 pamoja na kodi na tozo. Akizidi, kila uniti ya ziada ni Sh350 kabla ya kodi, na akiendelea kuzidi huhamishiwa T1. Sasa tuchukue nyumba inayotumia uniti 60 kwa mwezi. Inalipa Sh7,320. Anahamia mpangaji mwenye guta la umeme, anayechaji uniti saba na nusu kwa siku 26. Hizo ni uniti 195. Nyumba nzima inatoka D1.

Mwenye guta anaweza kuwa mwungwana akalipia uniti zake zote 195, karibu Sh69,500, bila kukwepa hata senti. Hata hivyo, uniti 60 za majirani zake, zile zile za taa na redio, sasa zinagharimu Sh21,374 badala ya Sh7,320. Wamepandishiwa Sh14,000 kwa mwezi bila kuongeza hata balbu moja. Nani atawalaumu wakimzimia soketi usiku wa manane? Na nani atamlaumu mchukuzi akianza kuchaji kwa kificho, kwa waya uliopitishwa darini? Umeme wa kificho hauna saketi breka wala ethi, na ndio unaounguza nyumba.

Mita ndogo ya mpangaji inasaidia kujua nani ametumia nini, lakini haiondoi tatizo hili, kwani TANESCO inaona mita moja tu. Dawa kamili ni mita ya pili kwa ajili ya kuchajia. Mwaka 2022 gharama ya kuunganishiwa umeme mjini wa njia moja, bila kuhitaji nguzo, iliwekwa kuwa Sh320,960. Kwa mchukuzi mmoja ni fedha nyingi. Kwa wanne wanaolaza vyombo ua mmoja, kila mmoja ni kama Sh80,000, na mwenye nyumba akiwa na busara ataona kwamba ua wenye soketi salama nne, mita yake na mlinzi ni biashara kama fremu ya duka.

Wenzetu wamefanya nini

Serikali na mashirika yake yasitazame jambo hili kama la mafundi tu. Mwaka 2023 mdhibiti wa nishati wa Kenya, EPRA, alitenga kundi maalumu la bei kwa ajili ya kuchaji vyombo vya umeme: shilingi 16 za Kenya kwa uniti, na nusu yake, shilingi 8, nyakati ambazo umeme hautumiki sana. Mwenye chombo akingoja usiku, anapata faida mfukoni. Rwanda nayo mwaka 2021 ilipitisha nafuu mbalimbali kwa vyombo vya umeme, na mjini Kigali pikipiki za abiria hubadilishiwa betri vituoni, dereva akaendelea na safari bila kungoja chaja.

Huko Uingereza, tangu Juni 30, 2022, sheria inataka chaja mpya za nyumbani za magari ziuzwe zikiwa zimepangwa tayari kutochaji nyakati ambazo umeme unahitajika sana. Aidha, kila chaja hungoja kidogo kwa kubahatisha, hadi dakika kumi, kabla ya kuanza, ili maelfu yasije yakawaka kwa sekunde moja na kuuelemea mtandao. Kama nchi yenye magari makubwa na nyumba zenye gereji imeona haja ya kupanga saa za chaja, sisi wenye transfoma zinazozidiwa jioni tunangoja nini?

Hapa kwetu mteja wa D1 au T1 akichaji saa mbili usiku au saa nane usiku, bei ni ile ile. Hana sababu ya kujali. Na umeme wa kutosha sasa upo. Bwawa la Julius Nyerere lililoko Mto Rufiji, lenye mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Maji ya Rufiji hayalali usiku. Ni heri umeme huo wa usiku uingie kwenye betri za wachukuzi kuliko kukosa wa kuutumia.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo manne. EWURA ipange bei ya kuchajia vyombo vya umeme, yenye nafuu ya usiku, na isiyoiondoa familia kwenye D1. TANESCO iweke utaratibu mwepesi wa mita ya pili kwa ajili ya chaja, ikikagua njia ya umeme kabla ya kuiwasha. TBS ihakikishe kwamba chombo hakiuzwi bila chaja inayokidhi viwango na maelezo ya Kiswahili ya namna ya kuifunga. Na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam itenge maegesho yenye soketi salama za kulipia ndani na pembezoni mwa Kariakoo, ili mchukuzi aongeze chaji anapokula chakula cha mchana badala ya kuomba umeme kwenye fremu ya mtu.

Mkulima naye yumo

Huenda mkulima wa Mkuranga, Kibaha au Bagamoyo anayesoma ukurasa huu anajiuliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu mara mbili. Kwanza, tenga lake la nyanya au mchicha halijauzwa mpaka limetoka kwenye lori na kumfikia mchuuzi wa genge. Hatua hiyo ya mwisho hufanywa na guta, na nauli yake imo ndani ya bei anayopewa mkulima. Betri ikifa njiani, mchicha unanyauka, na anayekatwa fedha si mchukuzi peke yake.

Pili, umeme umekwisha kufika vijijini kupitia miradi ya REA, na vyombo hivi vinaufuata. Kijijini nafasi ipo, banda lipo, na majirani hawagombanii soketi. Mkulima anayefikiria pikipiki au guta la umeme la kutolea mazao shambani aanze na banda la chaja kabla ya kununua chombo: nguzo, bati, soketi moja ya njia yake, ethi iliyochimbiwa kwenye udongo wenye unyevu, na ndoano ya kamba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa upande wa umeme, huenda usibaki hata ukuta wa kujenga.

Vyombo hivi ni neema kwa mtu mdogo, nasi hatutaki vipate jina baya kwa sababu ya waya wa Sh5,000. Wenye nyumba wasivifukuze, bali wavitengee kona. Wenye vyombo wasiibe umeme wala kukata miguu ya plagi, bali waungane wafunge njia moja iliyo salama. Mamlaka nazo zisingoje moto ndipo zitoe mwongozo. Na kila anayechaji usiku wa leo afanye jambo moja kabla ya kulala: baada ya nusu saa, arudi akaguse plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa baridi au vuguvugu, alale salama. Ikiwa ya moto, aizime, na kesho fundi aitwe kabla ya mzigo wa kwanza kupakiwa.